Toba ni ya Walio Hai

Mazishi yale yalifanyika siku ya Jumamosi, kama yalivyo mengi katika nchi yetu. Aliyezikwa alikuwa kijana wa miaka 24, mwanafunzi wangu katika somo la fonolojia, aliyeaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wasifu wake uliposomwa na salamu za rambirambi kutolewa, mhubiri alisimama, akalitazama jeneza, kisha akatutazama sisi. Alisema hajui kama kijana huyo aliwahi kutubu; na kama hakutubu, basi huko aliko anajuta, wala majuto yake hayatamfaa kitu. Akatuhimiza tuliobaki tuinue mikono na kuyafuatisha maneno yake, neno kwa neno, ili yasitupate yaliyompata huyo. Mamake marehemu alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo. Aliinamisha kichwa.

Nimeikumbuka siku hiyo mara nyingi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ni kuyapima maneno. Siku ile nilisikia maneno matatu mazito, yaani marehemu, toba na majuto, yakitumiwa kana kwamba hayana uzito wowote. Sababu ya pili nitaieleza baadaye, maana hiyo ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu.

Hoja yangu ni hii. Mafundisho ya Kikristo kuhusu toba, na kuhusu yanayomngoja mwanadamu baada ya kufa, hayakutolewa ili tuwahukumu waliokufa. Yalitolewa ili walio hai warudi, na warudishe walichokitwaa, kabla jua halijatua. Tunapoyageuza kuwa fimbo ya kuwachapia wafiwa, tunawaumiza wasio na kosa na kuwaacha wenye kosa waende zao kwa amani.

Natuanze na neno marehemu. Asili yake ni Kiarabu, nalo limetokana na mzizi uleule uliotupa rehema na kurehemu. Marehemu ni aliyerehemiwa au, kwa jinsi lilivyotumiwa na waliotutangulia, ni yule tunayemwombea arehemiwe. Kila tunapolitamka tunasali, hata kama hatukukusudia. Kwa hiyo mhubiri anayemwita mtu marehemu, kisha akadokeza kwamba yumo motoni, amejipinga mwenyewe katika sentensi moja. Simtaki aseme kwamba yuko peponi. Hilo nalo halijui. Yesu alipotoa mfano wa magugu yaliyomea katikati ya ngano, mwenye shamba aliwakataza watumwa wake wasiyang'oe, akawaambia waungoje wakati wa mavuno. Sijasoma popote kwamba wakati wa mavuno ni siku ya mazishi, wala kwamba mvunaji ni mwenye kipaza sauti.

Neno toba nalo ni la Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kurejea. Lina ndugu katika lugha nyingine za Kisemiti. Katika Kiaramu kuna tuv, na katika Kiebrania kuna shuv, kitenzi ambacho manabii kama Hosea na Yeremia walikitumia mara kwa mara walipowaita Waisraeli wamrudie Mungu wao. Si neno la machozi bali ni neno la miguu. Msafiri aliyepotea, akishatambua kosa lake, hasimami pale alipo akalia tu. Hugeuka, akairudia njia aliyoijia mpaka afike pale alipoanza kupotea.

Waandishi wa Agano Jipya walioandika kwa Kiyunani walitumia neno metanoia, yaani kugeuka kwa nia, mtu kupata akili mpya na kuanza kuyaona mambo kwa jicho jingine. Katika tafsiri ya Kilatini iliyoenea Ulaya ya Magharibi tangu mwishoni mwa karne ya 4, wito wa kutubu uliandikwa kwa maneno ambayo leo tungeweza kuyafasiri kuwa "fanyeni kitubio". Kutokana na hayo kulikua utaratibu mkubwa wa maungamo na malipizi. Mnamo 1215, Mtaguso wa Nne wa Laterano uliwaagiza waumini wote waliofikia umri wa kupambanua mema na mabaya waungame angalau mara moja kwa mwaka. Utaratibu huo ulikuwa na hekima yake, nami nitairudia. Aidha ulikuwa na hatari yake, na hatari hiyo ilidhihirika mnamo 1517, wakati hati za rehema zilipokuwa zikiuzwa Ujerumani. Martin Luther alipoandika hoja zake 95 huko Wittenberg, ile ya kwanza kabisa ilihusu neno hilihili: kwamba Yesu alipowaita watu watubu, alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Mwaka uliofuata alimwandikia mkuu wake, Johann von Staupitz, akimweleza jinsi maana ya neno hilo katika Kiyunani ilivyomfungua macho. Yaani mageuzi yaliyoligawanya Kanisa la Magharibi yalianza, kwa kiasi fulani, na somo la msamiati. Wanafunzi wangu wanaolalamika kwamba isimu haina faida na walitafakari hilo.

Sisi nasi tumeingia katika hatari ileile kwa kupitia mlango mwingine. Luther alipinga toba iliyonunuliwa kwa hati. Sisi tuna toba inayomalizika kwa sentensi kumi za kufuatisha. Mtu huinua mkono, hutamka anayotamkiwa, hupigiwa makofi, naye hurudi kwake akiwa na shamba la nduguye mkononi. Sisemi kwamba sala hiyo ni bure. Safari yoyote huanza kwa hatua moja, na pengine kwa wengi hiyo ndiyo hatua yenyewe. Nasema tu kwamba aliyepiga hatua moja hajafika.

Ikumbukwe kwamba neno toba lilikuwa limekaa katika pwani yetu karne nyingi kabla Ludwig Krapf hajafika Mombasa mwaka wa 1844 na kuanza kuyatafsiri Maandiko. Lilikuwa neno la Waislamu, na wanazuoni wao walilifundisha pamoja na masharti yake: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia, na ikiwa dhambi yenyewe inagusa haki ya mtu mwingine, kumrudishia mwenye haki haki yake au kumtaka radhi. Wafasiri wa Kikristo walilichukua neno. Nachelea kwamba wengi wetu tulipolipokea tuliliacha nyuma sharti la nne.

Na sharti hilo si geni kwa Ukristo hata kidogo. Zakayo, yule mkubwa wa watoza ushuru, hakuambiwa afuatishe maneno. Alisimama mwenyewe akatangaza kwamba nusu ya mali yake atawapa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hapo ndipo Yesu aliposema kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Wakatoliki wanaojifunza katekisimu hufundishwa kwamba kitubio kina majuto, maungamo na malipizi. Hiyo ndiyo hekima niliyoitaja. Na katika hotuba ya mlimani, Yesu anamwagiza mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka papo hapo, aende akapatane kwanza na ndugu yake. Yaani ibada inaweza kungoja, lakini jirani aliyekosewa asingojeshwe.

Sasa tuliangalie neno majuto. Wahenga walituonya kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Hawakusema hivyo kuhusu toba. Toba haina budi kuja mapema, kwani mtu hawezi kurudi baada ya njia kufungwa. Tofauti hii imo pia katika Maandiko. Mathayo anapoeleza hali ya Yuda baada ya kumsaliti bwana wake, hatumii kitenzi cha metanoia, bali kitenzi kingine cha Kiyunani chenye maana ya kujuta, na wafasiri wa Biblia ya Muungano ya 1952 waliiheshimu tofauti hiyo wakaandika kwamba Yuda alijuta. Tazama alivyofanya. Alikwenda kwa makuhani, akakiri kwamba amekosa, akavitupa vile vipande 30 vya fedha hekaluni. Alirudisha fedha, lakini hakurudi mwenyewe kwa yule aliyemkosea. Petro naye alimkana bwana huyohuyo mara tatu, akatoka nje akalia kwa uchungu. Makosa yao yalikaribiana. Lililowatenga ni kwamba Petro alikaa pamoja na wenzake, akangoja, na siku ya tatu akawa mmoja wa waliokimbilia kaburini. Majuto bila kurudi yalimwua Yuda. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho akizitenga huzuni mbili, moja inayozaa toba na nyingine inayozaa mauti.

Je, baada ya kufa kuna nini? Hapa tena maneno yetu yanasimulia historia ndefu. Kuzimu ni neno la Kibantu, ndugu ya mzimu na mizimu. Kabla ya kuja kwa Biblia, kuzimu hakukuwa jela ya wenye dhambi, bali makao ya waliotutangulia. Wafasiri walilitumia kwa Sheoli ya Waebrania na Hadesi ya Wayunani, na kwa hakika lilizifaa, kwa maana Sheoli ya Agano la Kale nayo ni mahali wanakokwenda wafu wote, wema kwa wabaya. Jehanamu ni neno lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, lakini chanzo chake ni jina la bonde la Hinomu, lililo kando ya mji wa Yerusalemu, mahali ambapo Yeremia aliwalaani watu waliowateketeza watoto wao kwa moto. Ahera ni ile ya mwisho, inayokuja baada ya hii. Peponi ni neno lenye kuhusiana na upepo, nalo lilikuwa tayari katika vinywa vya Waislamu wa pwani lilipoingia katika Biblia. Toharani, wanapopataja Wakatoliki, ni mahali au hali ya kutoharishwa, yaani kusafishwa. Mwanahistoria Mfaransa Jacques Le Goff, katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1981, alionyesha kwamba nomino ya Kilatini inayopataja mahali hapo ilianza kutumika katika karne ya 12, ingawa sala za kuwaombea wafu na fikra ya moto utakasao ni za kale zaidi.

Wakristo hawakubaliani juu ya mambo haya, na mwalimu mkweli hana budi kuwaambia wanafunzi wake hivyo. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba roho ya mtu huhukumiwa mara anapokufa, na kwamba waliokufa katika urafiki wa Mungu lakini wakiwa bado na mawaa husafishwa. Mafundisho hayo yalithibitishwa na mitaguso ya Florence mwaka wa 1439 na Trento mwaka wa 1563. Waorthodoksi huwaombea wafu wao bila kuyakubali maelezo ya Kilatini kuhusu toharani. Makanisa mengi ya Kiprotestanti yanakataa toharani, yanashikilia kwamba mtu hufa mara moja na baada ya hapo hukumu. Waadventista, ambao ni wengi katika maeneo kadhaa ya nchi yetu, hufundisha kwamba mfu amelala, hajui neno lolote, mpaka siku ya ufufuo. Hata ahadi ambayo Yesu alimpa mwizi pale msalabani ina ubishi wa koma. Je, alimwambia leo kwamba atakuwa naye peponi, au alimwambia kwamba atakuwa naye peponi leo? Maandishi ya Kiyunani ya awali hayakuwa na koma, na kila kundi huiweka panapolifaa.

Hata hivyo, katika ubishi wote huo kuna jambo moja ambalo wote hawa wanakubaliana. Wakati wa kutubu ni sasa, huku mtu angali hai. Hata Mkatoliki anayewaombea waliomo toharani hafundishwi kwamba huko ndiko wanakotubu; hufundishwa kwamba walioko huko ni wale waliokwisha kumrudia Mungu. Kwa hiyo mafundisho ya ahera, yakieleweka vyema, hayaichukui akili ya mtu na kuipeleka mbali na dunia hii. Yanairudisha papa hapa, leo hii, kwa jirani huyu.

Tumeona kwa macho yetu yanayotokea mafundisho hayo yanapokatwa na kutengwa na maisha. Mnamo Aprili 2023 kulianza kufukuliwa makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, wakiwemo watoto wengi. Kwa mujibu wa mashtaka, waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri aliyeshtakiwa alikanusha. Mahakama ina kazi yake, nami sitaifanya. Ninachokiona kama mwalimu ni kwamba watu wanaofundishwa kuiwaza ahera kama mahali pa kukimbilia, wala si kama siku ya kuulizwa walivyoishi na wenzao, huweza kusadikishwa kwamba kumnyima mtoto chakula ni njia ya kumfikisha mbinguni. Ilhali katika mfano wa hukumu ya mwisho ulioandikwa na Mathayo, swali linaloulizwa ni kama mtu alimlisha mwenye njaa.

Kuna kisa kingine ambacho wahubiri wetu wa mazishini hukipenda sana, kile cha tajiri na Lazaro. Kwa kawaida husimuliwa ili kuonyesha ukali wa moto. Naomba msomaji akisome tena kwa makini. Tajiri yuko kuzimu, anateseka, anamwona maskini aliyekuwa akilala mlangoni pake akiwa na vidonda. Anasema nini? Anamwomba Ibrahimu amtume Lazaro amletee tone la maji. Akikataliwa, anaomba Lazaro atumwe kwa ndugu zake watano. Hajamwambia Lazaro neno hata moja. Hakumtaka radhi. Bado anamwona kuwa mtumishi wa kutumwa huku na huko. Ana majuto mengi, lakini hajageuka. Nionavyo mimi, lile shimo kubwa lililowatenga halikuchimbwa baada ya kufa kwao. Lilichimbwa siku baada ya siku, kila tajiri alipompita Lazaro mlangoni.

Sasa niieleze ile sababu ya pili.

Yule kijana tuliyemzika alikuwa amekosa alama za kazi ya muhula katika somo langu. Alikuja ofisini kwangu mara nne. Aliniambia kwa heshima, "Mwalimu, kazi ile niliileta mwenyewe, nikaiweka mezani pako." Nilimjibu kwamba aliyeleta kazi yake ana alama, na asiye na alama hakuleta. Mara ya nne nilimwambia hata zaidi ya hapo. Nilimwambia kwamba wanafunzi wa siku hizi wamezoea uongo. Bila alama hizo hakuweza kufuzu. Ilimbidi arudi kwao, angoje mwaka mzima hadi somo hilo litakapofundishwa tena.

Mwezi wa Aprili, nikihamisha vitabu vyangu, niliikuta kazi yake katika sanduku, chini ya majarida. Ilikuwa kazi nzuri. Nilijua papo hapo lililonipasa kufanya: kwenda kwa mkuu wa idara, kueleza kosa langu, na kumpelekea kijana habari. Nikasema moyoni kwamba nitafanya hivyo muhula utakapofunguliwa. Niliona haya mbele ya wenzangu. Aprili ikapita, Mei na Juni zikapita. Mnamo Julai nilipata habari ya kifo chake.

Pale mazishini nilikuwa nimeketishwa katika viti vya wageni wa heshima. Nilipewa nafasi ya kusema kwa niaba ya walimu wake. Nikasema kwamba alikuwa mwerevu na mwenye bidii, na kwamba tumepoteza hazina. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa njia ya kulificha lile moja. Kisha mhubiri akasimama, akauliza kama kijana yule alikuwa ametubu. Mkono wangu mimi haukuinuka.

Baada ya majuma matatu niliipeleka kazi ile idarani, nikaisahihisha mbele ya mwenzangu mmoja, nikaandika barua ya kukiri. Nilishauriwa na mtu fulani kwa nia njema kwamba hapakuwa na haja, kwa kuwa mwenyewe hayupo tena. Nilimjibu kwamba mimi nipo. Alama ziliandikwa. Kisha nikasafiri hadi kwa mamake, nikamweleza yote bila kupunguza. Alinyamaza kwa muda mrefu. Hatimaye akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo hakunidanganya?" Nikamwambia, "Hakukudanganya, mama. Mimi ndiye niliyesema uongo." Akaniomba nimletee karatasi yenye matokeo yake, aiweke pamoja na picha zake. Nilimletea. Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza. Msamaha ni mali yake, anautoa apendapo.

Najua kwamba sikumaliza deni langu. Nilirudi, lakini nilichelewa, na yule niliyepaswa kumrudia hakuwapo. Hilo ndilo ambalo sikulijua vyema kabla ya hapo. Tumezoea kusema kwamba kifo cha mkosaji hufunga mlango wa toba yake. Hatusemi kwamba kifo cha aliyekosewa nacho hufunga mlango, tena kwa upande wetu sisi tulio hai. Mungu husamehe, hivyo ndivyo ninavyoamini, lakini hakuna sala iliyoweza kumwezesha kijana yule kusikia nikimwambia, "Nilikukosea." Yesu alishauri tupatane upesi na mshitaki wetu tungali naye njiani. Nimelisoma shauri hilo tangu utotoni, nikidhani kwamba mkazo uko katika kupatana. Siku hizi naona kwamba mkazo uko katika neno upesi.

Huenda msomaji Mprotestanti akaniuliza: je, yule mwizi msalabani alimrudishia nani nini? Si aliokolewa kwa neema tu, bila malipo wala matendo? Swali ni zuri. Mwizi yule mikono yake ilikuwa imefungwa. Kitu kimoja tu kilichobaki huru ni ulimi, naye aliutumia wote. Alikiri kwamba adhabu yake ni ya haki, akamtetea asiye na hatia aliyetukanwa kando yake, akaomba akumbukwe. Alirudi kwa kadiri njia ilivyomruhusu. Sisi mikono yetu haijapigiliwa misumari. Kumtaja yeye ili tusifanye tunaloliweza ni kumsingizia. Neema haikuletwa ili deni la jirani lifutwe bila jirani kuambiwa.

Waalimu wenzangu, taaluma yetu ina dhambi zake ambazo hazitajwi mimbarini. Ni zile alama zilizopotea na lawama akatupiwa mtoto. Ni lile neno la dharau alilotamkiwa mwanafunzi wa kidato cha pili, ambalo bado analikumbuka akiwa mtu mzima. Ni ile barua ya mapendekezo iliyoahidiwa isiandikwe. Sisi husahau upesi kwa sababu wanafunzi ni wengi. Wao hawasahau, kwa sababu mwalimu ni mmoja. Muda ungalipo, na tufungue masanduku yetu.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba toba ni shughuli ya wazee wanaolikaribia kaburi. Umri wa aliyelala katika jeneza lile ulikuwa miaka 24. Ikiwa kuna kitabu cha mwenzako ulichokiiba, jibu ulilolinakili, au rafiki uliyemchafulia jina, huna haja ya kungoja mhubiri aje na kipaza sauti. Unajua chumba chake. Nenda ukabishe mlango.

Na kwa wahubiri wetu, ninaowaheshimu kwa kazi yao ngumu, nina ombi moja. Mtakaposimama tena mbele ya jeneza, mwacheni aliyelala humo mikononi mwa Yule ambaye rehema zake tunazitaja kila tunaposema marehemu. Geukeni, mtutazame sisi wenye viti vya heshima. Msituulize kama tumetubu. Tuulizeni ni nani tuliyemdhulumu, yuko wapi, na tutakwenda kwake lini.